Swali la Moshi

"Nikisema aingie, utaandika jina la nani?"

Kemunto aliniuliza hivyo asubuhi moja nyumbani kwake Magwagwa, ukungu ukiwa bado umelalia majani chai. Nilitazama fomu yangu. Haikuwa na mahali pa jina. Ilikuwa na visanduku vitatu: aingie, asiingie, sijui. Nikamwambia hakuna jina litakaloandikwa, hii ni hadithi tu, mama. Akatabasamu jinsi mtu mzima anavyomtabasamia mtoto aliyeficha sukari mdomoni.

Ninyi mnaoanza kazi ya usaili mwaka huu mtapewa mwongozo mnene, na mwongozo ni mzuri, msome. Lakini mratibu wenu ameniomba niwaandikie yale yasiyomo humo. Mtacheka mkisikia kwamba mstaafu wenu ana miaka thelathini na saba. Nilifanya kazi hii miaka tisa, nikaiacha, sasa nakuza miche ya parachichi Nyakoe. Miche haijibu maswali, na mimi siiulizi. Majina humu nimeyabadilisha, na mwenye kisa amekisoma kabla yenu, akafuta mistari miwili.

Kazi yenyewe mnaijua. Tulikuwa tunawatembelea watu wanaoishi na bipola, ugonjwa unaompandisha mtu hadi akae siku nne bila usingizi akipanga kuigeuza dunia, kisha unamshusha hadi kuinua kikombe kunakuwa kazi ya kutwa. Tuliwafikia wakiwa wametulia, katikati ya kupanda na kushuka, tukawauliza mambo mawili. Kwanza, mtu huyu kwenye picha anahisi nini? Pili, mtu huyu kwenye hadithi amefanya vyema au vibaya, na kwa nini? Watafiti walitaka kujua kama ugonjwa huacha alama katika uwezo wa kusoma mioyo ya wengine na kupima lililo haki, hata wakati mgonjwa anaonekana mzima kabisa.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu nikiwa na mashaka na kila kitu isipokuwa mimi mwenyewe.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Sista Akinyi, muuguzi wa magonjwa ya akili aliyetoka kaunti za ziwani akakaa Kisii miaka mingi. Ekegusii chake kilikuwa na lafudhi iliyowafanya mabibi wacheke hadi wajifute machozi. Nilimwambia siku moja akubali tu Kiswahili, aache kujiaibisha. Akasema, "Moraa, wakinicheka wameshanifungulia mlango. Wewe wanakuheshimu. Umeshawahi kuambiwa siri na mtu anayekuheshimu?"

Alikuwa na sheria zake ndogo. Usimuulize mtu maswali ya hisia kabla hajala. Usiende kwa Wasabato Jumamosi wala kwa mtu yeyote wakati gari la majani chai linangojwa. Kama mikono ya mtu inatetemeka, huenda ni dawa, usiandike kwamba ana hofu. Picha usiishike wewe, mwachie aishike mwenyewe, maana ukiishika atausoma uso wako badala ya ule wa kwenye picha. Na sheria ya kiti, ambayo nitaifikia.

Picha za mwanzo zilikuja kutoka ng'ambo, macho tu, yamekatwa juu na chini, ya watu weupe waliopaka wanja. Mwalimu mmoja mstaafu wa Ogembo, mgonjwa wetu wa muda mrefu, aliyashika yale macho moja moja kwenye mwanga wa dirisha. La kwanza akasema, "Huyu anahitaji miwani." La pili, "Huyu pia." Nikamwomba aangalie tena, anahisi nini? Akaangalia kwa muda mrefu sana. "Huyu amechoka kupigwa picha." Kwenye jibu la mwongozo iliandikwa: anatamani. Nikampa sifuri. Leo ningetoa chochote niione ile picha tena, maana nina hakika alisema kweli.

Nyuso zile zilinifuata. Nilikuwa nikisinzia mchana nyuma ya pikipiki, mvua ya saa nane ikijikusanya juu ya milima, naziona zikielea kati ya migomba, macho bila midomo, kila jozi ikisubiri nitaje inachohisi. Ukinitaka nikwambie mwaka gani lilitokea hili au lile, siwezi. Miaka ile naiona kama kitu kilichowekwa nyuma ya kioo chenye mvuke. Naikumbuka harufu ya majani mabichi, baridi ya magoti, sauti ya mtu akikohoa uani kabla ya kukaribishwa.

Hadithi nazo zilikuwa za ng'ambo. Moja ilikuwa ya treni inayokaribia kuwakanyaga watu watano, na wewe una uwezo wa kuigeuza imkanyage mmoja. Tulipoisoma Nyamira, mama mmoja akauliza hao watu watano wanafanya nini relini na mashamba yamejaa kazi. Mwingine akauliza huyo mmoja ni wa ukoo gani. Kwa hiyo wakubwa wakasema zitungwe hadithi za hapa, na kwa kuwa mimi ndiye niliyelalamika kwa sauti kubwa zaidi, nikapewa kalamu.

Nilitunga sita. Niliyoipenda zaidi ilikuwa hii: Mke wa mtu yuko peke yake ndani ya nyumba, mume amesafiri kikazi. Moshi unaanza kutoka madirishani. Aliye karibu ni baba mkwe peke yake. Je, aingie?

Kama hutoki kwetu, nikueleze. Kwa Wagusii baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Anasimama uani, anakohoa, anaongea kutoka hapo, na chai yake inamfuata nje. Yeye na mke wa mwanawe hawakaribiani, hawagusani, hawatazamani usoni. Tunaita chinsoni, heshima na haya zilizosokotwa kuwa kamba moja. Nilifikiri nimetengeneza mzani safi: desturi upande huu, uhai upande ule. Niliijaribu hadithi kwa wanafunzi wa chuo mjini Kisii. Wote walicheka, wakasema aingie, hilo nalo ni swali? Nikaandika kwenye ufunguo wa majibu: aingie, alama mbili. Sijui, moja. Asiingie, sifuri.

Sasa Kemunto. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Mumewe alifanya kazi katika kiwanda cha chai mbali na nyumbani, akirudi mara moja kwa mwezi. Msimu mmoja ugonjwa ulimshusha Kemunto akawa hatoki ndani, na hakuna aliyeelewa, wakasema ni uvivu. Kisha ukampandisha. Aliniambia siku zile kila jani la chai lilikuwa na sauti yake, na shamba zima lilikuwa kwaya, na yeye peke yake ndiye aliyejua wimbo unaelekea wapi. Alimbeba bintiye Kwamboka, wa miaka mitatu, akatembea naye kwenye mvua kubwa hadi karibu na mji wa Nyamira, miguu mitupu, akiwabariki watu njiani. Mtoto alipata homa ya mapafu. Akapona. Lakini ukoo ukamchukua, akapelekwa Ogembo kwa dada ya mumewe, na Kemunto akaletwa kliniki.

Nilipokutana naye alikuwa ametumia dawa zaidi ya mwaka na alikuwa mzima kuliko mimi. Kwamboka alikuwa bado Ogembo. Ukoo ulikuwa umesema utakaa mwisho wa mwaka, kabla mtoto hajaanza shule, uamue kama atarudi kwa mama yake au atakaa huko moja kwa moja. Kemunto alikuwa ameshashona sare. Aliitundika ukutani, ndogo kama ya mwanasesere, juu ya kiti alichonikaribisha.

Kwenye picha hakuwa na mpinzani. Alizipitia kama mtu anayechambua mchele. "Huyu anaona wivu lakini hataki ajulikane. Huyu ameambiwa jambo sasa hivi, hajaamua kama analiamini." Hadithi tano za kwanza alizijibu kwa utulivu na sababu ambazo ningependa kuzisikia mahakamani. Ya sita ikawa ya moshi. Nikamaliza kuisoma. Akatazama mlangoni. Ndipo akaniuliza lile swali la jina, nami nikamjibu nilivyomjibu.

"Andika asiingie," akasema.

"Kwa nini?"

"Asiingie. Aite watu."

"Na kama watu wako mbali? Mwanamke atakufa."

"Basi atakufa. Wewe andika."

Nikaandika. Pembeni nikaongeza kwa herufi ndogo: anashuku, huenda dalili zinarudi.

Hapa ndipo inapoingia sheria ya kiti. Sista Akinyi alisema kabla ya kumuuliza mtu lolote, hesabu viti, halafu kaa wewe kwenye kile kinachoona mlango na nje ya mlango. Mimi nilikaa nimeupa mlango mgongo, kwa sababu nilitaka mwanga uangukie fomu. Nje, kwenye benchi chini ya paa, alikuwa ameketi Ombati, kaka mkubwa wa mume, fundi wa nyumba, ambaye alikuja kurekebisha bawaba ya dirisha na akaona si vibaya kupumzika kidogo. Alisikia kila neno.

Wiki haikuisha kabla Magwagwa yote haijajua kwamba Kemunto ameambiwa na daktari kutoka Kisii kuna mwanamke anaungua, akasema na aungue. Mimi ndiye daktari. Ombati alipiga simu kliniki mwenyewe, kwa adabu kabisa. "Madam, sisi hatuna ubaya. Lakini mtu anayesema hivyo, apewe mtoto?"

Nilimwendea Sista Akinyi. Alikuwa anakunywa chai yake ya saa nne akiwa amevua kiatu kimoja. Nilimsomea hadithi yangu na ufunguo wa majibu. Alisikiliza, akaweka kikombe chini.

"Wewe ni Mgusii ama ni nani?"

"Sista, hayo ni ya zamani. Watu wameokoka, wanaenda kanisani."

"Baba yako ameshaingia nyumba ya kaka yako?"

Nikakunja ufunguo wangu wa majibu.

"Hata siku moja? Hata kuketi?"

"Hunywa chai nje."

"Mvua ikinyesha?"

"Huenda nyumbani kwake."

"Sasa hiyo zamani yenu inaisha saa ngapi?" Akavaa kiatu. "Mtoto wa watu, umemwendea mwanamke anayechungwa na boma zima kama ana akili, ukamuuliza kama baba mkwe wake amwingilie chumbani. Ulitaka aseme nini? Na shemeji yake yuko mlangoni!"

Hivyo ndivyo nilivyojifunza, au nilivyofikiri nimejifunza. Kemunto alijibu kama mke mwema wa Kigusii anavyopaswa kujibu, na ufunguo wangu ukamhukumu kuwa hana utu. Nilifuta ile sifuri. Niliandika barua ndefu kwa wakubwa kuhusu vipimo vinavyopima mahali mtu alipozaliwa na kuita matokeo ugonjwa. Bado naiamini barua ile. Wagonjwa wengine wa bipola hukosea kidogo kuzisoma nyuso hata wakiwa wametulia, wengine hawakosei kabisa, na hakuna karatasi inayoweza kukwambia huyu aliye mbele yako ni yupi. Lakini barua haikumrudishia mtu mtoto.

Ukoo ulikaa Jumapili alasiri, uani, mawingu yakiwa yameshuka hadi kugusa migomba. Sista Akinyi aliomba turuhusiwe kusema, tukaruhusiwa. Wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka karibu na jiko, Kemunto nyuma kabisa, amegeuka kidogo, maana upande wa pili alikuwa ameketi baba mkwe wake, Mzee Nyamweya. Mzee mrefu, mkavu, mzee wa kanisa, mtu ambaye hata kuku wake walitembea kwa mstari. Nilikuwa nimeambiwa yeye ndiye mwenye neno la mwisho, na yeye ndiye niliyemwogopa.

Nilikuwa nimeiandaa hotuba yangu kwa siku tatu. Nilisema kosa ni langu. Nilisema hadithi ile haipimi kama mtu anafaa kuwa mama, haipimi chochote, niliitunga mimi mezani. Nilisema Kemunto amemeza dawa zake bila kukosa na anajua dalili zake kuliko sisi.

Ombati akainua mkono. "Madam, wewe ndiye uliyeuliza. Kama jibu halina maana, ulikuja kumuuliza nini?"

Watu wakacheka kwa sauti ya chini. 

Ombati akamgeukia mzee, baba yake. "Tata, umesikia mwenyewe alivyojibu. Moshi unatoka, yeye anasema mtu asiingie."

Mzee Nyamweya hakumtazama yeyote. Alikuwa anatazama fimbo yake kama vile imeanza kuota majani. Ukungu ulipita kati yetu na jiko, kwa kitambo sikuwaona wanawake kabisa, nilisikia tu mmoja akipumua.

"Nimesikia," akasema. "Amejibu vizuri."

"Tata—"

"Nimesema amejibu vizuri. Mtoto arudi kwa mama yake. Arudi wiki hii, kabla mvua haijaharibu barabara ya Ogembo." Akainuka, akaenda zake, na kikao kikawa kimekwisha.

Nililia njia nzima, Sista Akinyi akinishika kiuno nyuma ya pikipiki. Nilikuwa nimefurahi tu. Jumanne Kwamboka alirudi. Kemunto alinipigia simu akaishikilia juu ili nisikie mtoto akikimbia uani.

Kwenye daftari langu niliandika kwamba mzee ni mhafidhina, kwamba aliridhika kwa sababu mkaza mwanawe ameitetea desturi hata mbele ya kifo. Kwa miaka iliyofuata nilikuwa nikiwasimulia wasaili wapya kisa hiki kila mafunzo. Nilikuwa nasema: mnaona? Jibu linaloonekana kukosa huruma lilikuwa mila tu ikisema. Nilipigiwa makofi. Wengine waliandika.

Sikuipa kazi hii kisogo kwa sababu ya Kemunto. Niliiacha kwa sababu nilichoka kuwauliza watu mambo ambayo mimi mwenyewe nisingethubutu kuulizwa na mgeni mwenye fomu. Sista Akinyi alistaafu kabla yangu, akarudi ziwani. Siku hizi mnatumia tableti, na picha zenu ni za watu wa hapa, na hadithi ya moshi imeondolewa. Vizuri. Lakini kaeni mkiuona mlango.

Mwaka jana Mzee Nyamweya alifariki. Miezi michache baada ya mazishi Kemunto alikuja Nyakoe kuchukua miche. Ilikuwa asubuhi ya manyunyu, moja ya zile asubuhi zetu ambazo haziamki mara moja. Aliketi juu ya gunia la mbolea, akaanza kunisaidia kujaza udongo kwenye vifuko bila kuombwa. Kwamboka alikuwa shuleni, darasa la nne, anapenda hesabu.

"Moraa," akasema, "ile hadithi yako ya moshi. Ni nani alikuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Niliitunga."

Akaacha udongo. "Uliitunga?"

"Mezani. Kisii mjini."

Alicheka hadi akateleza kwenye gunia. Alipotulia alikuwa na machozi. "Mimi nilijua umetumwa. Nilijua kuna mtu aliona, akaenda kusema, na wewe umeletwa kunitega ili nimtaje mzee."

"Mzee gani? Kutaja nini?"

Aliangalia nje ya kitalu kwanza, ingawa mwenye siri alikuwa ameshazikwa. Halafu akaniambia. Wangemvua uzee wa kanisa, alisema. Wangeuliza alikuwa anafuata nini ndani ya nyumba ya mwanamke ambaye mume wake hayuko. Ukoo ungemsimamisha uani, yeye na nywele zake nyeupe, na mumewe asingeweza kumtazama baba yake tena. Kwa hiyo kati ya mtoto wake na jina la yule mzee aliona hawezi kulitoa jina, na akasema asiingie, akijua Ombati yuko nje, maana yeye alikuwa ameketi upande unaoona mlango.

Jambo lenyewe lilikuwa limetokea katika zile siku za kushuka, kabla ya ile safari ya mvua, wakati boma zima lilipokuwa likisema ni uvivu. Alikuwa amelala siku mbili bila kuinuka, na mtoto akilia kando yake. Mzee Nyamweya alikohoa uani, akakohoa tena, hakuitwa. Asubuhi tatu mfululizo aliingia katika nyumba ya mwanawe, akawasha moto, akapika uji wa wimbi, akamlisha mtoto kwanza, kisha akapiga goti kando ya kitanda na kumnywesha Kemunto kwa kijiko, uso wake akiwa ameugeuzia ukutani.